Gobori la Mwalimu

Mjomba wangu tulimwita Tupa. Si kwamba alikuwa mtu wa kutupa vitu. Msumari uliopinda aliunyoosha akauhifadhi kwenye kopo. Jina lilitokana na tupa ya kunolea aliyoichomeka mfuko wa nyuma tangu ujana wake. Wanasema hata siku ya harusi yake ilikuwemo. Karakana yake na chumba changu cha cherehani vilitenganishwa na ukuta mwembamba. Akipiga chafya kule, mimi huku namwambia pole. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Mengine niliyaona, mengine niliyasikia ukutani.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, mwalimu mmoja mstaafu aliingia karakana na kitu kirefu kilichoviringishwa shuka. Walikuwa wakibomoa dari ya nyumba ya marehemu baba yake, kikawadondokea mafundi. Lilikuwa gobori, bunduki ya kizamani, ile ya kushindilia baruti na risasi kwa kupitia mdomoni. Kutu ilikuwa imelitafuna mpaka mbao za kitako zikawa nyekundu.

"Fundi, nataka ling'ae tu," mwalimu alisema. "Nilitundike sebuleni, wajukuu wapate kumkumbuka babu yao."

"Mzee alikuwa mwindaji hodari, eti?" mjomba alimtania.

Mwalimu hakucheka. "Baba hakuwahi kuwinda," alisema, akaondoka bila kugeuka.

Mjomba alililoweka kwenye mafuta ya taa siku mbili. Kisha akalibana kwenye jiliwa, mdomo ukaelekea ukuta wa nyuma, akaanza brashi ya waya, kisha msasa. Kutu ilitoka kama unga. Kitu kimoja tu kilimshinda: kile kinyundo cha pembeni kinachowasha baruti. Kiliganda. Alikigonga, akakipasha moto, akakitukana. Hakikutikisika.

Siku ya Jumatano aliniita. "Mpwa wangu, hebu njoo uone." Alikuwa ameingiza ufito wa chuma mdomoni mwa mtutu mpaka ukagota, akauwekea alama ya chaki, kisha akaulaza juu ya mtutu kwa nje. Ufito ulikuwa umeishia vidole vinne kabla ya mwisho.

"Kuna kitu ndani," alisema. "Limeshindiliwa hili, na bado halijafyatuliwa."

Alimimina maji ya sabuni kwenye kitundu cha baruti ili kama imo ife. Halafu akafunga skrubu kwenye ncha ya ufito, akauzungusha, akavuta polepole. Kikatoka kitambaa kilichosokotwa. Hakikuwa na baruti wala risasi. Kilikuwa na jino. Gego la mtu mzima, jeupe, mzizi wake ungali mbichi.

Mjomba alilitazama. Nikaona ulimi wake ukizunguka ndani ya shavu. Ukasimama. Akaingiza kidole mdomoni, akakitoa, akakiangalia. Hapakuwa na damu.

"Ni langu," alinong'ona.

Nilimsihi alirudishe gobori la watu siku ileile. Mwingine angekubali. Lakini mjomba alikuwa fundi, na fundi huona haya kushindwa na chuma. Akapima tena. Vidole vinne vilevile, kana kwamba hakuna kilichotoka.

Alhamisi alivuta mara ya pili. Ukatoka ukucha. Alipofungua kiganja, dole gumba lake la kulia halikuwa na ukucha, ni ngozi tupu. Alivuta tena. Zikatoka nywele, fundo dogo la mvi. Mkaza mjomba alikuwa anaingia na chupa ya chai. Alisimama nyuma ya mumewe, akamshika kisogo.

"Mume wangu," alisema taratibu, "nani kakunyoa hapa?"

Chai ile hakuna aliyeinywa.

Ijumaa, kama saa sita mchana, nilikuwa nashona pindo la gauni. Jua kali, watu wanapita barabarani, redio ya jirani inaimba. Nikasikia ukutani: tu. Tu. Tu. Sauti ya ufito ukishindilia. Mara simu yangu ikaita. Ni mwalimu.

"Fundi hapokei simu," alisema. Alikuwa ananong'ona. "Nimezungumza na dada yangu mkubwa. Anasema baba hakulitia risasi hata siku moja. Alikuwa anaweka vitu vya mtu. Nywele. Kucha. Mwenyewe aweza kuwa safarini huko, haijalishi, humpata. Mwambie fundi asirudishe kitu ndani. Unanisikia, mwanangu? Asirudishe!"

Ukutani: tu.

Kisha kimya.

Nilikimbia. Toka mlango wangu hadi wake ni hatua nane. Mjomba alikuwa amesimama kando ya jiliwa, ufito mkononi, jasho likimtoka.

"Nimevirudisha vyote," alisema. "Labda na mimi nitarudishiwa vyangu."

Nilikuwa natazama kinyundo. Kilichoganda siku zote zile. Kilikuwa kimeinuka, tayari kupiga.

"Mjomba. Umekivuta wewe?"

"Hapana."

Kikashuka. Ta.

Basi. Hapakuwa na moshi wala mwako. Redio iliendelea kuimba. Mjomba alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyepigwa kikumbo sokoni. Akashika kifua, chini kidogo ya bega la kushoto. Akaangalia kiganja. Kikavu. Shati zima.

"Nimepigwa," alisema.

Lakini mdomo wa gobori ulikuwa umeelekea ukutani.

Alasiri hiyo alilikata kwa grenda vipande vitatu, mwalimu akiwa amesimama mlangoni. Tulichungulia ndani ya mtutu. Ulikuwa safi, unang'aa kama kioo. Jino halikuwemo, wala ukucha, wala nywele. Mwalimu alivichukua vile vyuma akaenda kuvizika anakokujua yeye. Hatujamuuliza.

Ilipita miezi saba. Mjomba alikula, alifanya kazi, mara mojamoja alitania. Halafu kikaja kikohozi kikavu. Tukampeleka hospitali, akapigwa picha ya kifua. Daktari aliitazama kwa muda, akavua miwani.

"Mzee, ulipigwa risasi lini?"

Pale kwenye picha palikuwa na duara jeupe, ukubwa wa gololi, chini ya bega la kushoto. Daktari alimvua shati, akampapasa kifua, akamgeuza mgongo, akatafuta kovu kwa vidole na kwa tochi. Hakupata hata mkwaruzo. Alisema kuitoa ni hatari kuliko kuiacha, kwa hiyo iachwe, huenda isimsumbue.

Wiki iliyopita alipigwa picha ya pili. Nilizichukua zote mbili, nikazibandika kwenye kioo cha dirisha langu penye mwanga, nikatoa futi yangu ya kushonea. Nikapima mara moja. Nikapima tena, maana macho hudanganya. Sentimita tatu. Ile risasi imeshuka, na imeelekea ndani, upande wa moyo.

Mjomba alitokeza kichwa mlangoni. "Unapima nini hapo, mpwa wangu?"

"Kitambaa tu, mjomba," nikamwambia. "Napima kitambaa."