Ramani Isiyosomeka

Kila siku baada ya masomo, Nereida alibaki shuleni kwenye kompyuta akichora ramani ya mtaa wao wa La Guama: mto Ulúa, mashamba ya migomba, na njia nyekundu ya kukimbilia kilimani mafuriko yakija. Kwenye skrini ilipendeza. Wilmer, mwanafunzi mwenzake, alimtania, "We Nereida, hiyo ramani itakuoa au nini?"

Mwalimu Ondina alikuwa amemwonya. "Sikiliza, binti. Programu hii hupima herufi na mistari kwa nukta. Nukta za skrini ni kubwa, za mashine ya kuchapia ni ndogo mno. Usipokuza maandishi pamoja na picha, ramani itajaa karatasi lakini maneno yatakuwa kama chawa. Kabla hatujaipeleka mjini ichapwe kwa wingi, chapa moja hapa, uibandike, uisome ukiwa mbali."

Siku ya kujaribu, wenzake walikuwa wanacheza mpira. Nereida alitupia skrini jicho, akaridhika, akakimbilia uwanjani.

"Umejaribu?" mwalimu alimuuliza kesho yake.

"Nimejaribu, mwalimu. Inasomeka vizuri tu."

Ramani zilirudi kutoka mjini mvua imeshaanza. Watu wa kamati ya maafa ya mtaa walizibandika ukutani harakaharaka, wamejifunika plastiki. Nereida alisogelea moja aisome. Njia nyekundu ilikuwa nyembamba kama unywele, na yale maneno "Usipite daraja la chini" yangemtoa mtu macho. Angeweza kusema. Aliona haya, akanyamaza.

Alfajiri mto ulifurika. Wenyeji waliijua njia. Bibi Eufrasia, aliyehamia kwa mwanawe majuzi tu, hakuijua, na mwanawe alikuwa zamu kiwandani. Alikodolea ramani macho, akaambulia picha ya daraja, akaelekea huko. Walimkuta amekumbatia mpera katikati ya maji, mguu umesagwa na magogo yaliyobebwa na mto. Hospitalini waliukata.

Nereida alipopata habari hakuweza kula. Alimfuata mwalimu akilia. "Sikujaribu, mwalimu. Na nilipoona haisomeki, sikusema."

Mwalimu hakumfokea. Walikaa pamoja, wakakuza herufi, wakanenepesha mistari, wakachapa moja na kuisoma kutoka mlangoni. Ilisomeka, hata kwa Wilmer asiyeona vizuri. Kisha mwalimu akampeleka hospitalini.

"Nisamehe, bibi," Nereida alisema.

Bibi Eufrasia aligeukia ukuta. "Pole yako nimeisikia, mjukuu wangu. Mguu wangu haujaisikia."

Nje, Nereida alisimama akiangalia chini. Mwalimu Ondina alimshika bega.

"Herufi ndogo zilikuwa kosa, na kosa hurekebishwa. Lakini uliposema umejaribu, ulitufungia mlango wa kulirekebisha. Kazi wanayoitegemea watu haikaguliwi kwa mdomo, mwanangu. Na ukikosea, sema wewe kabla maji hayajasema."