Dresa wa Mchana

Maji ya sindano yalikuwa yakitokota kwenye sufuria. Lugembe akatumbukiza vidole, akaitoa sindano kama mtu anayeokota kiazi kapuni, wala hakusema hata uwii. Bertila, muuguzi wake, alishangazwa zaidi na jambo jingine: Lugembe alikuwa amechemsha sindano.

Maana dresa huyo, mtibu msaidizi wa zahanati ya kando ya njia ya zamani ya misafara, nje kidogo ya Tabora, hakuwa mtu wa kuchemsha. Enzi hizo za Mwingereza watu waliipenda sindano ya buba kuliko chakula. Foleni ilifika barabarani, naye aliwachoma wote kwa sindano ile ile ili awahi kilabuni. "Mnanichelewesha!" ndiyo ilikuwa salamu yake. Bertila alisema mpaka koo likamkauka. Hata binti wa Bertila, Eustadia, alichomwa hivyo hivyo, paja likatunga usaha, na Lugembe akamjibu mama mtu, "Litapasuka lenyewe, usinisumbue." Inaudhi, tena inaudhi sana!

Sasa huyu akampa shikamoo bibi kizee mmoja wa kwenye foleni, akapiga magoti, akamsafisha Eustadia taratibu. Alinukia udi. Nzi wote wakahama chumbani.

Ikawa hivyo kila mchana, na paja likaanza kunywea. Bertila akadhani mtu ametubu. Kumbe siku moja Lugembe alirudi kutoka kilabuni kuifuata kofia yake aliyoisahau, akamkuta mtu mwenye sura yake ameketi kitini, anafunga kidonda. Akatoka mbio, akarudi na Mwalimu Mussa, mpunga majini wa mjini. Kwa ajili yake mwenyewe, miguu ilikuwa myepesi!

"Nitamfunga yule utakayenionyesha," Mwalimu Mussa alimnong'oneza Bertila. "Mimi siwajui hawa wawili, wewe ndiye uliyefanya naye kazi. Ukikosea, sitaweza kumfungua."

Udi ukazidi mpaka macho yakawasha, madirisha yakajifunga moja baada ya jingine, na katika kiza kile cha mchana Bertila akawaona wawili, koti moja, sura moja, kovu moja shavuni, mmoja akitetemeka mlangoni na mwingine akiendelea kumfunga Eustadia bendeji kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Bertila, unanijua!" wa mlangoni akalia. "Mfukuze huyu! Unanichelewesha!"

Alimjua. Alimjua sana. Akamnyooshea kidole yeye.

Mwalimu Mussa akasoma. Lugembe akatoka kinyumenyume, mdomo wazi bila sauti, akashika njia ya Ujiji kama anayevutwa kwa kamba, hadi akapotea machoni.

Jioni mkewe, Apolinaria, alikuja kumtafuta. Akasimama mlangoni, akamtazama dresa aliyekuwa akinawa mikono. Hakuthubutu kuingia.

"Dada Bertila," akanong'ona, "huyu ni mume wangu kweli?"

Nyuma yao Eustadia alikuwa amelala bila kulia, kwa mara ya kwanza tangu achomwe. Bertila akamgeukia Apolinaria.

"Ndiye, mama. Nenda naye nyumbani."