Fomu ya Mwezi wa Sita

Walikutana kliniki ya taya, siku ambayo foleni ilifika mpaka mlangoni. Yeye, fundi cherehani, alivaa gauni la bluu la kujishonea, kiganja kikificha kidevu kilichochomoza. Kijana wa fomu, shati limenyooka, alipita akiuliza wagonjwa wanaridhika kiasi gani.

"Moja hadi tano, dada, sura yako unaipa ngapi?"

"Sifuri ipo?"

Kijana alicheka hadi akasahau kuandika. Jioni akapiga simu, eti kuna swali limebaki. Basi maswali yakawa yanabaki kila siku.

Alipopasuliwa, kijana hakubanduka. Alimletea uji, akamnywesha kwa mrija. Uvimbe ulishuka, uso ukakaa sawa, wateja wakawa wanampita bila kumtambua. Ila mdomo wa chini ulibaki na ganzi. Chai ilimtiririka bila habari, na kijana humfuta akicheka, "Mtoto wangu kajimwagia tena." Fundi alikuwa akingoja aulizwe kuhusu ganzi hiyo. Kulitaja jambo hilo mwenyewe aliona haya.

Mwezi wa sita baada ya upasuaji, daktari alifungua faili. "Vizuri. Kwenye fomu umesema huna ganzi."

"Nimesema lini?"

Fomu ilikuwa tano tupu, kwa mwandiko anaoujua, wa kijana. Alimfuata kijana mezani kwake, roho inamuuma.

"Mpenzi, nilikupunguzia usumbufu tu," kijana alisema. "Kwani nina nisilolijua kwako?"

"Chukua fomu mpya. Niulize kama mgonjwa mwingine."

Kijana alitabasamu, akaona mwenzake hatabasamu, akashika kalamu.

"Mdomo una ganzi?"

"Una."

"Tangu lini?"

"Tangu upasuaji. Busu zako zote nimeziona kwa macho. Sijahisi hata moja."

Kalamu ilisimama. "Mbona hukuniambia, mama?"

"Wagonjwa wote unawauliza, hata usiowajua. Mimi ukanijibia."

"Nimekosa. Nitakuuliza kila siku."

"Miezi sita umenifuta chai kidevuni, ukacheka."

Kijana aliweka kalamu chini. Akasema, "Na Jumamosi? Baba na shangazi wameshajiandaa kuja kwenu kuleta posa."

"Waambie wapumzike."

Alisaini chini ya fomu na kutoka. Simu ilianza kuita kabla hajafika getini, akaiacha iite. Machozi yalimshuka mpaka mdomoni. Akabonyeza mdomo wa chini kwa kidole, kama afanyavyo kila asubuhi. Haukuhisi kitu.