Kitanda Laini cha Mzee Sponji

Mtaani walimwita Mzee Sponji, na jina hilo hakulipata bure. Alikuwa fundi wa makochi. Kwa miaka thelathini na moja alikata sponji, akashona vitambaa, akabana vifungo. Makochi yake yalikuwa laini kupita kiasi. Inasemekana mgeni mmoja alikaa kwenye kochi lake asubuhi, akazama mpaka masikioni. Ikabidi wamtoe kwa kumvuta mikono, na soksi yake moja ikabaki humo humo mpaka leo. Mwenye kubisha na abishe. Mzee mwenyewe aliapa kuwa soksi zilikuwa mbili.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, kinachotazama barabara. Kazi aliifanya na mwanawe wa pekee. Mzee alikata, kijana alishona. Mke wa mzee alikwisha kufariki zamani, kwa hiyo wanaume hao wawili walizoeana kama marafiki. Walitaniana kutwa nzima. Kijana alimwambia baba yake kwamba siku akifa hatahitaji jeneza, watamfunga ndani ya kochi wamshone.

Lakini aliyetangulia ni kijana. Homa ilimshika Jumatatu, na Ijumaa wakamzika. Alimwacha mkewe na mimba ya miezi saba.

Tangu siku hiyo nyumba ilibaki na watu wawili, mzee na mkwewe. Walikula pamoja bila kutazamana. Jina la marehemu halikutajwa. Kila mmoja alichelea kumliza mwenzake, basi kila mmoja akakaa na huzuni yake.

Mzee hakulia. Alifunga mlango wa karakana, akaanza kutengeneza kitanda cha mjukuu. Alikitengeneza kwa njia pekee aliyoijua. Kwa maneno mengine, alitengeneza kochi. Godoro lilikuwa la sponji laini, ukiweka mkono unazama. Pande zote nne alizizungushia mito minene. Juu akaongeza mto wa kichwa na blanketi zito.

Kisha akamwomba mkwewe mashati ya marehemu. Yalikuwa saba. Aliyakata, akayashona yawe foronya za mito ile. Alitaka mtoto alale akiwa amezungukwa na baba yake. Hakumwambia mtu neno hilo.

Mkwe alipoletewa kitanda, alilitambua shati la bluu la siku ya harusi. Alisema, "Asante, baba." Kisha akaenda jikoni, akawasha jiko, akasimama mbele yake bila sufuria.

Mzee alinunua na vitu vingine. Alinunua makopo matatu ya poda, kigari cha kujifunzia kutembea, na viatu vya ngozi vyenye kamba. Mtoto hajazaliwa, viatu vinamsubiri mlangoni. Lakini nepi zilikuwa mbili tu.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Siku ya tatu walirudi nyumbani. Mchana mama yake alimnyonyesha, akamlaza ubavu ndani ya kitanda kile, akamfunika hadi sikioni kama mzee alivyomwelekeza. Kisha naye akajinyoosha. Uchovu ukamchukua.

Mzee alikuwa karakanani. Alimwona mkunga wa zahanati, jirani wa nyumba ya tatu, akija kumjulia hali mzazi. Akamkaribisha ndani na kumtangulia chumbani kwa majivuno, akimweleza habari za kitanda. Mkunga aliinama kutazama. Alizamisha mikono yote miwili kwenye mito, akamtoa mtoto.

Uso wa mtoto ulikuwa umegeukia ndani ya mto. Nywele zilikuwa zimelowa jasho. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mkunga alimsugua mgongo, akamsugua tena. Mama aliamka, akasimama bila kuuliza. Ilikuwa kama pumzi tatu, lakini mzee aliziona ndefu kuliko ile miaka yake thelathini na moja.

Kisha mtoto akalia.

Walimkimbiza zahanati. Daktari alimpima, akakaa naye mpaka alasiri, akasema amepona, hana tatizo. Waliporudi, mkunga aliingia nao ndani. Mzee alianza kujitetea. Alisema sponji ile ni daraja la kwanza, hata matajiri wanaililia.

"Sijasema ni mbovu, mzee," mkunga alisema. "Ni nzuri mno. Hebu inama. Weka uso wako hapo kwenye mto, uvute pumzi."

Mzee aliinama. Mto ukamfunika pua na mdomo. Shati lile lilikuwa bado na harufu ya mwanawe. Alitaka kubaki pale. Lakini hewa iligoma kuingia, na iliyoingia ilikuwa ya moto, ile ile aliyoitoa. Akainua kichwa haraka.

"Umeona? Umeinua kichwa," mkunga alisema. "Wewe una shingo. Yeye shingo yake bado haina nguvu. Akizama, anabaki hapo hapo. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba nikakuta watu wamesimama tu, hakuna anayelia bado. Kitanda kilikuwa kizuri sana."

Mzee alikaa sakafuni.

"Nilitaka baba yake amkumbatie," alisema.

Mkunga naye akakaa chini, ingawa magoti yalimlalamikia. "Najua, mzee wangu. Lakini kitandani mtoto analala peke yake. Kumkumbatia mkumbatie wewe akiwa macho. Mikono si unayo?"

Mkwe aliuliza kama angalau mto wa kichwa ungebaki. Mkunga alisema hata huo hapana, mpaka avuke mwaka. Godoro liwe gumu na bapa. Lijae kitanda chote, vidole viwili visipite pembeni. Shuka moja, ivutwe ikaze. Mtoto alazwe chali, usiku na mchana, siyo ubavu wala tumbo. Kitanda kiwe karibu na cha mama yake, chumba kimoja.

"Na baridi je?" mkwe aliuliza.

"Mvishe. Nguo aliyoivaa haitamfunika uso. Blanketi lililolegea litamfunika. Ukitaka kujua kama ana joto la kutosha, mguse kifua au shingo, siyo vidole. Akitoka jasho, umemzidishia."

Kuhusu vitu vingine, mkunga alihesabu kwa vidole na havikuwa vingi. Nepi za kitambaa zisizopungua dazeni mbili. Nguo nyepesi za pamba zinazofunguka mbele. Kofia ya kutokea nje. Beseni, sabuni isiyo kali, taulo laini, na chandarua. Chakula anacho kifuani kwa mama. Poda akaisogeza kando, akasema vumbi lake linaingia kwenye mapafu. Alipofika kwenye viatu vya ngozi, alivishika kamba, akamtazama mzee.

"Hivi ni vya kuendea kazini?" aliuliza.

Hakuna aliyecheka, lakini mkwe aligeuza uso kidogo.

Kesho yake mzee alikibeba kitanda mpaka karakana. Alichukua mkasi mdogo, akaufikisha kwenye mshono wa kwanza. Mkono ukakataa. Aliyekata mashati yale ni yeye, na kuyakata hakukumsumbua hivi. Sasa aliona kama anamtoa mwanawe nyumbani mara ya pili.

Mkwe aliingia na mtoto mikononi. Alimpa mzee mtoto, akauchukua mkasi yeye. Alifumua uzi mmoja baada ya mwingine, polepole. Alipofika kwenye shati la bluu alisimama.

"Hili lilimbana tumbo," alisema. "Siku ya harusi alikula amesimama."

"Aliniambia kifungo kimedondoka chenyewe," mzee akasema.

"Aliking'oa. Alitaka kupumua."

Na hapo mzee alilia. Alilia kwa sauti, mtoto akiwa kifuani pake, na mkwe naye akalia. Kisha wakaendelea kufumua, na kila shati lilileta habari yake. Walilitaja jina la marehemu mara nyingi. Mpaka jioni mito yote ilikuwa imekwisha.

Mashati yalifuliwa na kuanikwa juani. Pamba yake ilikuwa kuukuu na laini. Mzee alishona magauni manne madogo ya kufunga mbele. Vipande vilivyobaki vikawa nepi. Mkwe alipoziona alisema marehemu angefurahi, maana siku zote alidai kazi ya maana bado hajapewa.

Mzee alikata godoro jipya. Alichagua sponji ngumu, ile anayowekea benchi za ofisini, nyembamba, isiyobonyea. Akatandika shuka moja, akafunga chandarua juu. Fito za kitanda zilibaki wazi, hewa ikipita. Majirani walisema mzee amefulia, hana hata senti, mjukuu wa Sponji analala kama yuko benchi. Mzee aliwaacha waseme. Mteja mmoja alipokuja kuagiza kitanda cha mtoto chenye mito pande zote, mzee alimwinamisha kwenye kochi, akamwambia avute pumzi.

Wiki ya sita mtoto alipimwa zahanati. Alikuwa ameongezeka uzito, mashavu yamejaa. Mkunga alisaini kadi yake, akasema hana la kuongeza.

Adhuhuri hiyo walimlaza chali kwenye kitanda chake kitupu, mikono juu, uso wazi. Mzee alivuta kigoda karibu. Akaanza kumsimulia mjukuu habari za baba yake, kwamba aliwahi kushona kochi zima akiwa usingizini, na mishono ikanyooka kuliko akiwa macho. Katikati alinyamaza. Alisikiliza pumzi ikiingia, ikitoka. Kisha akaendelea, na mkwe kule jikoni akaacha kugonganisha vyombo ili naye asikie.