Povu la Mtaroni

Kila Jumamosi Chapuchapu humsaidia mama yake, dobi wa mtaa, kufua nguo za wateja. Shangazi yake ndiye aliyembandika jina hilo, maana msichana huyu hawezi kusubiri hata chai ipoe. Kwa hiyo kupanga foleni bombani kulikuwa adhabu kwake.

Jumamosi moja, akipita nyuma ya kiwanda cha rangi, aliona mtaro umejaa povu jeupe. Akachovya kitambaa kichafu. Kikatakata bila sabuni! Akajaza ndoo na kurudi mbio.

"Leo foleni haikuwepo?" mama aliuliza.

"Haikuwepo, mama."

Nguo zilitoka nyeupe pe, na jioni wakazirudisha kwa wateja. Lakini asubuhi iliyofuata mdogo wake, ambaye bado anatambaa na hupenda kuchezea ndoo za mama, aliamka na vipele mwili mzima. Mikono ya mama nayo ilikuwa imebabuka. Walipofika zahanati, walimkuta mteja wao mmoja amempakata mwanawe, naye ana vipele vilevile.

"Mmebadilisha sabuni?" muuguzi aliuliza.

"Hapana, dada. Ni ileile, na maji ni ya bomba."

"Basi mnanipa kazi. Nisipojua kilichowagusa, nitawatibuje?"

Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliogopa sana, lakini alimwonea huruma zaidi mdogo wake.

"Ni maji," alisema huku machozi yakimlengalenga. "Niliteka mtaroni, nyuma ya kiwanda. Nilikudanganya, mama. Nisamehe."

Mama alimkata jicho. Muuguzi hakupoteza muda. Aliwaosha wagonjwa kwa maji mengi safi, akawapaka dawa, kisha akampigia simu bwana afya. Huyo alikuta bomba la kiwanda limepasuka na kemikali zinamwagika mtaroni. Kiwanda kikafungwa hadi bomba litengenezwe, na watu wakaonywa wasiyaguse maji yale.

Nyumbani, Chapuchapu alisubiri fimbo. Mama akamketisha kando yake.

"Maji yanayotoa povu bila sabuni yana kitu ndani, mwanangu. Usiyaguse. Ulikosea kuyateka, ukakosea zaidi kunificha. Ila ukweli wako umewaponya watoto wa watu. Sasa twende tukachukue nguo zote tulizofua, tuzisuuze upya. Na kuomba radhi utaomba wewe."

Walipita mlango kwa mlango. Wengine walifoka, wengine wakashukuru. Baada ya siku chache vipele vilikauka, na mtoto akaanza tena kutambaa kuelekea ndoo za mama, akicheka.