Simu Ni Yako, Kazi Ni Yetu

Siku ya soko pale Emali watu hawatembei, wanasukumana. Kasiva alisukumwa na mama mwenye karai la nyanya, simu ikamponyoka, na kabla hajainama kiatu cha mtu kilikuwa tayari juu yake.

"Wewe! Unakanyaga simu yangu!"

"Pole sana, dada." Kijana aliiokota, akaipangusa kwa shati lake jeupe bila kujali vumbi. "Kioo kimepona. Bahati yako."

"Bahati yako wewe! Ningekutembeza Emali nzima ukinitafutia nyingine."

"Kama ni kutembea na wewe, ngoja niikanyage tena."

Kasiva hakutaka kucheka, akacheka. Alikuwa amevaa rinda la rangi ya damu ya mzee, na alipocheka mashavu yalibonyea vishimo viwili. Kijana aliitwa Muthama, na vishimo vile vilimmaliza palepale, mbele ya wauza vitunguu.

Jumatatu Kasiva akaripoti kazi mpya katika kampuni moja ya kununua maembe. Nani ameketi kwenye meza ya kompyuta? Yuleyule.

Kazi ya Kasiva ilikuwa kuzunguka mashamba, Mukuyuni mpaka Malili, kupiga picha za maembe na kuzituma ofisini ijulikane yamekomaa kiasi gani. Zamani kampuni ilikuwa ikiwapa watu simu. Sasa meneja, Madam Mutanu, alikuwa amekata shauri kila mtu atumie yake. "Simu ni yako, kazi ni yetu," aliwaambia mkutanoni, na wafanyakazi wakapiga makofi. Mpaka leo sijui walikuwa wakishangilia nini.

Muthama ndiye aliyeziingiza simu hizo kwenye mtambo wa ofisi, ili mtu akiacha kazi, mambo ya kampuni yafutwe kutoka hukohuko ofisini.

"Na picha zangu? Na meseji zangu?" Kasiva aliuliza.

"Vitu vyako ni vyako. Mimi nagusa vya kampuni tu."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Akamwamini, akampa simu. Kwenye fomu kulikuwa na swali moja dogo: simu hii ni ya mfanyakazi au ya kampuni? Muthama alikuwa anatazama vishimo. Akabonyeza jibu bila kulisoma. Jamani, mwanaume mzima anashindwa kutazama kioo kwa dakika moja!

Wakapendana. Mchana kutwa simu hazikukauka.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula maembe manne."

"Hiyo si chakula, bana."

"Basi niletee chapati."

Akaletewa, na maharagwe juu. Krismasi Kasiva akampeleka Mukuyuni kumsalimia baba yake, Mzee Kiilu, ambaye alimkagua kijana kutoka viatu hadi nywele, kisha akamwomba namba ya simu. Mzee hakuwa mtu wa kuandika. Kila asubuhi alimtumia bintiye sauti: "Mwiitu wakwa, wi museo?" Binti yangu, u mzima? Halafu habari zake: kuku ametaga, mvua imekataa, jirani amenuna.

Februari mzee akafa. Mjomba akairithi simu yake na kuisafisha ikawa tupu. Zilizobaki ni zile sauti kwenye simu ya Kasiva, mia moja na kitu, na kila asubuhi kabla ya kazi alifungua moja. Hakumwambia mtu, hata Muthama. Aliona haya, mtu mzima kuzungumza na marehemu. Akiulizwa anaendeleaje alisema yuko sawa, na Muthama akaridhika.

Juni Kasiva akapata kazi nyingine, Kitui mjini, katika duka la dawa za mifugo. Alimwambia Muthama hotelini, chai ikiwa mezani.

"Umeshakubali? Mimi naambiwa wa mwisho?"

"Nilikuwa nangoja Jumapili nikuambie vizuri."

"Basi nenda, Kasiva. Nenda tu."

"Sawa."

"Sawa tu?"

"Hakuna shida, Muthama."

Shida ilikuwepo, tena kubwa. Alitaka aambiwe asiende, au aambiwe nitakufuata huko. Muthama naye alitaka kubembelezwa. Wakaachana pale mlangoni kila mmoja amevimba.

Siku ya kwanza ya Kasiva Kitui, Madam Mutanu alimletea Muthama orodha ya walioacha kazi. "Hawa simu zao zifungwe kabla ya saa sita." Jina la Kasiva lilikuwa la tatu. Mtambo ulionyesha simu yake ni ya kampuni, na simu ya kampuni hufutwa yote. Kioo kikauliza: una uhakika? Hakukusudia ubaya, hilo namtetea. Lakini kifua kilikuwa bado kinamuuma na alitaka jina lile limwondokee machoni. Akabonyeza ndiyo.

Kitui, Kasiva alikuwa nyuma ya duka na kikombe cha chai, simu sikioni. Baba alikuwa anasimulia habari za kuku mweusi. Sauti ikakatika katikati ya neno. Kioo kikawa cheusi, kisha kikawaka na kumuuliza anataka lugha gani, kama simu iliyotoka dukani leo.

Namba ya Muthama aliijua kwa kichwa.

"Umenifutia simu?"

"Nimefuta vya kampuni tu, kama nilivyokuambia."

"Iko tupu, Muthama! Hii yote ni kwa sababu ya Kitui?"

"Hapana! Ngoja niangalie—"

"Baba alikuwa mle ndani," alisema, akakata.

Muthama akaifungua ile fomu ya siku ya kwanza, akaona jibu, akaona na jina la aliyelijaza. Alipiga simu mara kumi na nne bila kujibiwa. Jioni ikaingia meseji moja: Sauti za baba. Zote. Usinipigie tena. Alipomweleza Madam Mutanu, aliambiwa kila mfanyakazi alitia sahihi na kwamba asilikuze jambo.

Wiki ile akajaribu kila alichokijua. Hakuna kilichorudi. Jumamosi, mawingu na baridi ya Juni, akaenda Kitui.

Duka lilinuka dawa ya kupe. Kasiva alikuwa ndani ya koti la kazi la kijani lililompwaya, macho yamevimba.

"Umekuja kufuta nini tena?"

"Ni mimi, Kasiva. Siku ile ya kwanza niliandika simu yako ni ya kampuni. Nilikuwa nakuangalia wewe."

"Kwa hivyo kosa ni langu, kwa vile unaniangalia?"

"Ni langu. Na haziwezi kurudi. Sitakudanganya."

Kasiva akageukia rafu, akaanza kupanga chupa ambazo zilikuwa zimepangika. Muthama akaweka simu yake mwenyewe juu ya kaunta.

"Mzee alinitumia hii akiwa hospitali. Alinikataza kukuambia."

Akabonyeza. Kikohozi kwanza, kisha sauti ileile.

"Muthama, ni mimi, baba ya Kasiva. Sikiza. Huyu msichana ukimuuliza kama yuko sawa, atakuambia yuko sawa, hata akiwa anaumia. Usikubali hilo jibu la kwanza. Muulize tena. Na usimwambie nimekuambia." Kikohozi tena. "Nesi, hii kitu inazimwa wapi?"

Kasiva akaishika kaunta kwa mikono miwili. Akairudisha mwanzo, akasikiliza, akairudisha tena. Kisha akajitumia. Ilikuwa sauti ya pekee katika simu yake.

Mama mmoja akaingia kununua dawa ya ng'ombe. Kasiva alimhudumia, akampa chenji, akamweleza kipimo. Mama alipotoka, Muthama aliuliza:

"Uko sawa?"

"Niko sawa. Asante kwa kuileta."

Muthama aliinua begi lake, akafika mlangoni. Hapo ndipo akili ilipomjia. Tangu Februari alikuwa na maneno ya mzee mfukoni, na hakuwahi kuyatumia hata siku moja. Akageuka.

"Kasiva. Uko sawa?"

Kasiva akaisukuma droo ya chenji, ikafunga.

"Hapana," alisema. "Siko sawa hata kidogo. Na sijui kama nitakusamehe."

"Jumamosi ijayo nitakuja kukuuliza tena."

Kasiva alijipangusa machozi kwa mkono wa lile koti la kijani. Hakumwambia njoo, wala hakumwambia usije. Alimwacha avuke kizingiti kwanza.

"Jumamosi tunafunga saa nane," alisema.