Umeme Umo Kwenye Kodi

"Hii mita ni ya nyumba ya nani, Yunusi?"

Yunusi alinyoosha mkono kudai simu yake. Raya, mchumba wake, hakumpa. Ndani mlikuwa na meseji nne za kununua umeme wa LUKU, kila mwezi mita ile ile, na Yunusi anaishi kwa mama yake, ambako umeme hununua dada yake. Sasa anayewashiwa taa ni nani?

"Nitakueleza baada ya Jumamosi."

Jumamosi ndiyo kesho yake, siku ya kupeleka mahari kwao Raya, Matombo. Jamani, kuna wanaume hujichimbia kaburi kwa mdomo wao wenyewe. Raya alinakili namba ya mita, akamrudishia simu, akaondoka. Usiku ule hakupata usingizi. Asubuhi akamwandikia baba yake mdogo, Mzee Mansuri: "Shikamoo baba. Wakija na mahari leo, warudisheni. Nimeghairi."

Roho haikutulia hata hivyo. Alikaa, akasimama, akafua nguo zilizo safi. Mwisho aliona hawezi kukaa mji mmoja na Yunusi, akafunga begi, akashuka kwa mwenye nyumba, Mama Rizwana, kurudisha funguo. Alivipenda vile vyumba viwili alivyopanga Kilakala. Mchumba wake wa zamani alimsimanga hadi chumvi, naye akaapa hatalishwa tena na mwanaume kabla ya ndoa. Hapa alilipa kodi mwenyewe, maji na umeme humo humo, akatembea kifua mbele.

Mama Rizwana alimuuliza kulikoni. Raya akamweleza yote, akamsomea na ile namba.

"Hiyo mita yako, mwanangu," alisema Mama Rizwana. "Kodi yako ni nyumba na maji tu. Yunusi aliniomba nikwambie na umeme umo. Ananitumia tokeni, naingiza mimi."

Raya alikaa kwenye ngazi. Alifurahi, na alikasirika zaidi. Akampigia Yunusi.

"Umenifanya nijivunie kitu ambacho si changu."

"Ungekataa, Raya. Kodi na umeme vingekushinda, ungerudi kuishi kwa kaka yako."

"Ningekataa, ndiyo. Ukinificha jema leo, baya nitalijuaje?"



"Nimekosa. Nisamehe."

"Umeme nanunua mwenyewe, kuanzia leo."

"Sawa. Wazee wetu wameshaingia Matombo."

Raya akakata simu, akampigia baba yake mdogo, akaomba msamaha mbio mbio kwa ile meseji.

"Niliisoma, nikainyamazia," alisema Mzee Mansuri. "Anayeghairi mume huja kuniambia uso kwa uso. Wageni tumeshawakaribisha, wanakula."

Raya alilia pale pale ngazini, na Mama Rizwana akamwacha alie.